Maharagwe ya Kumkemea Prezida

Kwanza ilikuwa sauti. Asubuhi za Jumapili kule Kalembe ukungu ulijaa bonde lote, ukafunika kanisa, ukafunika soko, ukafunika kiwanja cha mpira, na mimi niliyesimama mlangoni na kikombe cha uji sikuona kitu zaidi ya mgomba wa kwanza. Lakini nilisikia. Nilisikia mpira ukipigwa, puu, kama mtu anayekung'uta godoro, kisha vijana wakiitana kwa majina, kisha, juu ya yote hayo, sauti ya baba yangu: "Rudi nyuma! Rudi nyuma, nakuambia! Uko nangojea nani kule mbele, fianse, muchumba wako?" Hakuwa anawaona. Alisimama ukingoni mwa kiwanja akiwa haoni hata vidole vya miguu yake mwenyewe, na bado alijua nani amechelewa kukaba, nani ameogopa mpira, nani anacheza huku akili yake imebaki kitandani. Siku moja mchezaji alimuuliza kutoka ndani ya ukungu, "Papa Bahati, kweli unaona kitu?" Baba akajibu, "Sina haja ya kuona. Ubovu yenu iko nasikilika." Kicheko kikapanda mlima mpaka kwetu, na mama yangu, aliyekuwa anapepeta unga uani, akatikisa kichwa bila kuinua macho.

Baba alikuwa mkulima wa maharagwe na mihogo, mtu mpole ambaye angeweza kusimama njiani akingoja vifaranga vya jirani vipite. Hakuwahi kutupiga. Sikumbuki hata mara moja alipopandisha sauti ndani ya nyumba. Hasira zote ambazo Mungu alimgawia alizipeleka kwenye mpira. Dukani kwa Mama Kahindo, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo na kuweka picha ya Bikira Maria juu ya magunia ya sukari, kulikuwa na redio, na timu ya taifa ilipocheza baba alisimama mbele ya redio ile kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Alisema timu inacheza kama watu walioazimwa miguu asubuhi ileile. Alisema viongozi wa mpira wanasafiri kwa ndege zaidi ya mpira wenyewe. Akigeukia wale wa teritware yetu, yaani wilaya yetu, ndipo alipowaka kabisa: wanakuja na miwani nyeusi, wanakula mbuzi wetu, wanatuambia mpira utaendelea, wanapanda pikipiki, wanaenda, na mpira unabaki palepale, umepasuka. Mama Kahindo alimwacha aseme, kisha alipunguza sauti ya redio na kumuuliza, "Papa Bahati, sasa kama wangekuweka weye kiongozi?" Baba alijibu upesi, "Mi? Mi ningekula mbuzi, lakini ningebaki kuangalia mechi."

Lakini kwa timu yetu ya Kalembe hasira haikutolewa hivihivi. Ilikuwa na desturi yake, na sijaiona mahali pengine popote nilipopita. Kila Jumapili baada ya mechi wachezaji walikula pamoja uani kwa Mama Kahindo, na chakula kilitoka kwetu sisi washabiki. Aliyetaka kumkemea mchezaji au kiongozi alileta bakuli la maharagwe. Maharagwe ya wote yalimwagwa katika sufuria moja. Yakiiva, wachezaji waliketi kwenye mabenchi pamoja na prezida wa timu, na kila aliyeleta bakuli alisimama akasema yaliyomuuma mpaka yakaisha. Hakuna aliyeruhusiwa kumkata maneno. Kisha wale waliokemewa walikula, na kule kula ndiko kulikokuwa jibu lao: nimesikia. Aliyekataa kula alivua jezi palepale. Ambaye hakuleta kitu alinyamaza, hata kama ni mtoto wa chifu. Mihogo haikupokelewa, kwa sababu mihogo kila mtu alikuwa nayo na kijiji kizima kingekemea mchana kutwa. Nakumbuka mzee mmoja alileta bakuli lisilojaa, na Mama Kahindo akalitazama akasema, "Papa, haya ni ya kukemea beki mumoja tu. Chagua." Naye akachagua, akifikiri kwa muda mrefu, huku mabeki wote wanne wakiangalia chini.

Mwaka ninaotaka kuusimulia tulikuwa tumerudi nyumbani baada ya kukimbia vita. Sitasema mengi kuhusu kukimbia. Watu wa kwetu wanajua, na wengine wamechoka kusikia. Tulikuta paa lipo, milango haipo, na shamba limegeuka majani marefu kuliko mimi. Mama alienda kwa dada yake, karibu na Masisi mjini, akarudi na mbegu kichwani: maharagwe makubwa ya kupanda juu ya fito, mekundu yenye madoa meupe, mazuri kiasi kwamba nilitamani kuyachezea. Aliyachanganya na majivu ili wadudu wasiyaguse, akayatia kikapuni, akakitundika kikapu juu ya moto, mahali moshi unapopita. Hayo ndiyo maharagwe yote yaliyokuwa ndani ya nyumba yetu. Sisi tulikula viazi vitamu asubuhi na mihogo jioni, tukakitazama kikapu kile kikitikisika taratibu katika moshi, tukijua kwamba kule juu kuna mwaka wetu mzima. Nyumba nyingi zilikuwa kama yetu. Kijiji kilikuwa kimerudi, lakini chakula kilikuwa bado hakijarudi.

Mpira ulirudi kabla ya chakula. Kaka yangu Bahati, aliyekuwa mrefu na mwenye mikono mipana kama ya baba, alikuwa golikipa. Na timu ilikuwa imepata prezida mpya, mtu mwenye lori, ambalo sisi tuliliita kamio, lililochukua mbao kutoka misitu ya Walikale kuzipeleka mpaka Goma. Alikuwa mcheshi. Alijua kumshika kila mtu begani. Alichaguliwa kwa sababu ya kamio ile, wala hakuna aliyejificha kulisema hilo, kwa sababu mechi kubwa ya msimu ilikuwa dhidi ya Buleusa, na Buleusa ni mbali. Alisimama katikati ya kiwanja, akainua mikono, akasema mbele ya watu wote, "Ijumaa asubuhi kamio iko hapa. Nyinyi mulete miguu tu. Kila kitu kingine ni mi!" Wamama walipiga vigelegele. Hata baba, asiyeamini kiongozi yeyote, alirudi nyumbani siku hiyo akipiga mluzi.

Ijumaa vijana walikaa kando ya barabara na mifuko yao tangu alfajiri. Ukungu ukaondoka, jua likapanda, kamio haikuonekana. Karibu na saa sita mwendesha pikipiki aliyetoka upande wa Sake aliwaambia kwamba ameipita karibu na Mubambiro ikielekea Goma, imejaa mbao mpaka juu, na Prezida mwenyewe ameketi ndani. Wachezaji walitazamana. Kutokwenda kulikuwa ni kuwapa Buleusa ushindi wa bure, na kuchekwa mwaka mzima. Wakafunga viatu vyao vya mpira shingoni ili visichakae, wakaondoka kwa miguu, wengine na kandambili, wengine na miguu mitupu. Walitembea siku ile na siku iliyofuata. Walilala ndani ya kanisa njiani. Jumapili walicheza, na walifungwa mabao ambayo Bahati hakutaka kuyahesabu mbele yetu. Kisha wakarudi, vilevile, kwa miguu.

Bahati alipoingia nyumbani ilikuwa jioni, moto umewashwa. Mama alimkalisha kwenye kigoda, akaleta maji ya vuguvugu na chumvi, akaanza kumwosha nyayo. Ngozi ilikuwa imetoka vipande. Baba alisimama mlangoni akiangalia miguu ile, nami nikangoja yale maneno yake, kwa sababu nilijua yanakuja. Hayakuja. Ni Bahati aliyesema, bila kuinua kichwa, "Papa, kama ungekuwa kule ungepiga makelele sana."

"Ningepiga," baba akasema.

"Nilikuwa natafuta kuisikia. Pale gole, nilikuwa natafuta tu kusikia mutu ananikaripia kwa jina."

Baba alivuka chumba akanyoosha mkono kwenye kikapu. Sote tulielewa. Kwa kuwa hakuna nyumba iliyokuwa na maharagwe, Prezida angekuja Jumapili, angeketi kwenye benchi lake, na kusingekuwa na mtu mwenye haki ya kumwambia neno. Prezida mwenyewe alilijua hilo.

"Papa Bahati," mama akasema, "shusha mukono."

"Bakuli moja tu."

"Iko mbegu."

"Najua iko mbegu."

"Kama unajua, shusha mukono. Ukipika hasira yako Jumapili, mu mavuno batoto batakula nini? Watakula mpira?"

Mkono wa baba ukashuka. Akatoka nje, akakaa chini ya paa na kutazama shamba, na alipoitwa kula alikuja, akala, akashukuru, akalala.

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu. Baba alinyamaza. Hakuwa amekasirikia mtu. Alitusalimu, alimsaidia mama kukata fito, alinitengenezea kamba ya kuruka. Lakini kitu kilikuwa kimezimika. Alipita mbele ya duka la Mama Kahindo redio ikitangaza mpira na hakusimama. Alienda mazoezini kama kawaida, akasimama mahali pake ndani ya ukungu, nami mlangoni kwetu nilisikia mpira, nilisikia vijana, na juu yao hapakuwa na kitu. Sikujua kwamba kimya kinaweza kuwa na tundu. Jioni ile kapteni wa timu, kijana mwenye mabega ya kubeba magunia, alikuja mpaka kwetu akiwa ameshika kofia mkononi. "Mama Bahati," akauliza kwa sauti ya chini, "Papa iko mugonjwa? Leo tumecheza mubaya sana, mubaya wa kuharibu macho, na hakusema kitu." Mama alimjibu kwamba Papa ni mzima. Kijana hakuridhika. "Sasa tutajua namna gani kama tuko nakosea?" akasema, akaenda zake. Mama alirudi motoni na mwiko wake, chini ya kile kikapu.

Jumapili, baba akiwa amekwenda kuoga mtoni, mama alipanda juu ya kigoda akakishusha kikapu. Alichota bakuli moja. Akatazama kilichobaki. Akachota tena kidogo, bakuli likajaa kabisa, kwa sababu hakutaka Mama Kahindo amwambie achague. Aliyaosha mara nyingi, maji yakawa ya kijivu, kisha meupe kidogo, na mimi nikaona yale madoa yanang'aa, nikajua tunafanya jambo ambalo haliwezi kurudishwa. Njiani alinishika mkono kwa nguvu. Uani, Mama Kahindo alitia vidole ndani ya bakuli, akaacha kutabasamu.

"Mama Bahati. Haya iko mbegu."

"Pika, dada."

"Weye mwenyewe hauangaliagi hata mpira. Unafanya nini?"

"Nimesema pika."

Watu walikuja kama kila Jumapili, lakini mikono mitupu, wakakaa kwenye nyasi. Baba alikuja akakaa nyuma kabisa, karibu na ukuta. Mwisho alikuja Prezida, amevaa koti, akawashika watu mabega, akaketi kwenye benchi na kunyoosha miguu. "Aa, ile kamio!" akasema. "Wateja wa Goma walinisumbua, mbao ingeoza. Lakini munaelewa. Naona leo hata nyinyi hamuna hasira." Akacheka peke yake. Mama Kahindo akafunua sufuria. "Iko bakuli moja," akasema.

"Ya nani?"

"Yangu," mama yangu akasema, akasimama.

Nilimwona baba akiinua kichwa. Mama alijifunga kitenge upya, kama afanyavyo kabla ya kubeba kitu kizito. "Mimi sijui mpira," akaanza. "Ile ofsaidi, bwana yangu amenifasiria myaka na myaka, na mi niko najibu 'ehe' ili tulale." Watu wakacheka, hata wachezaji. Akangoja wamalize. "Lakini njia ya Buleusa naijua. Nilishapita ku ile njia na mutoto ku mugongo. Prezida, sisi tulitembea sababu ya vita. Hawa batoto walitembea sababu ya nini? Sababu ya mbao?" Hapakuwa tena na kicheko. "Hakuna mutu alikuomba kamio. Ni weye ulitupatia, kwa kinywa chako, mbele ya wamama. Kama ungetuma mutu aseme kamio haiko, wangelala nyumbani, tungechekwa, kuchekwa hakuuwe. Ulisema walete miguu. Bahati, inua miguu yako aone." Kaka yangu alisitasita, kisha akainua mguu mmoja, nyayo ikiwa imefungwa kitambaa. Mama hakupandisha sauti hata kidogo. "Ndio hii miguu walileta. Nimemaliza." Akataka kukaa, kisha akakumbuka. "Hapana, iko neno moja. Bwana yangu aanze tena kukaripia watu. Nyumba imekuwa baridi."

Mama Kahindo akagawa sahani. Prezida alipewa ya kwanza, akachota, akatia kinywani, na hapo akaacha kutafuna. Moshi hauoshwi. Hata kama umesugua punje mojamoja, harufu ya majivu na ya miezi juu ya moto inabaki ndani kabisa, na kila mtu aliyelelewa katika milima ile anaijua kwa ulimi. Kapteni naye alionja. Akaweka kijiko chini. "Mama," akasema, "hii iko mbegu." Vijiko vyote vikasimama. Watu walimtazama mama, kisha wakamtazama baba, ambaye uso wake ulikuwa umebadilika rangi, kisha macho yote yakahamia kwa Prezida. Alikuwa na sahani magotini. Asipokula, angevua uongozi palepale. Akila, alikuwa anakula shamba letu mbele ya wenye shamba.

"Kula," mama akamwambia. Naapa kwamba alisema kwa huruma. "Ilishaiva. Haitaota tena."

Akala. Alikula zote, polepole, na alipomaliza alijifuta macho akasema pilipili imekuwa kali. Hapakuwa na pilipili. Kisha wachezaji nao wakala, kila mmoja akikwangua sahani mpaka mwisho, kama watu wanaopokea komunyo.

Jioni ile tulirudi nyumbani mama akiwa mbele, baba nyuma yake amebeba lile bakuli tupu mikononi, mbele ya kijiji kizima, bila kuona aibu. Hakuna aliyemcheka. Ningependa kuandika kwamba Prezida alibadilika kuwa mtu mpya, lakini hakuwa mtu mpya. Mechi iliyofuata alikuja na kamio mwenyewe, akiendesha, kabla ukungu haujaondoka. Baada ya hapo alichelewa tena, alisahau tena, ila kila aliposhindwa alikuja kwa miguu yake kutuambia ameshindwa, na vijana hawakungoja tena barabarani bure. Shamba letu tulipanda pungufu. Ile sehemu ya chini ilibaki bila fito, na msimu ule kulikuwa na jioni ambazo mama alitupa viazi vitamu na kusema ameshashiba, nasi tukajifanya tunaamini. Baba alimuuliza siku moja, nikisikia, kama anajutia. Mama alikuwa anamenya. "Ulianza kusema tena," akajibu. "Basi." Na ni kweli alianza. Jumapili iliyofuata nilisimama mlangoni na kikombe changu, na kutoka ndani ya ule weupe ikapanda sauti ikimwambia kapteni kwamba hata mbuzi aliyefungwa anageuka haraka kuliko yeye. Mama alikuwa anapepeta unga. Safari hii aliinua macho.

Sasa ninaishi Goma, katika nyumba ya kupanga yenye ukuta mwembamba, na baba anakaa nami kwa sababu kule kwetu bado hakujatulia. Mama yuko kwa Bahati, Walikale, anamsaidia na mtoto. Mimi naandika vitabu, na kazi yangu inanilazimu kusikiliza watu. Sijawahi kuishi kati ya hasira nyingi kama sasa. Timu ya taifa ikifungwa, simu yangu inawaka mpaka inapata moto: kocha ni mjinga, shirikisho ni wezi, waziri ni mwongo. Nami naandika hayohayo kwa vidole vyangu, tena kwa ufundi, na watu wanabonyeza kupenda. Yote yanaweza kuwa kweli. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyetoa kitu kutoka juu ya moto wake ili apate kusema, na kati ya wale tunaowasema hakuna aliyeketi mbele yetu na sahani magotini. Tunakemea benchi tupu. Nadhani ndiyo maana hatuishi kukemea.

Juzi tulitazama mechi pamoja, alasiri, majirani wamejaa chumbani mpaka juu ya kitanda changu. Tulifungwa dakika za mwisho, kwa kosa la kitoto. Chumba kililipuka. Kila mtu alisimama, kila mtu alitukana, mimi pia. Baba peke yake alibaki ameketi, mikono juu ya magoti, akitazama wachezaji wakitoka uwanjani mmojammoja.

"Papa," nikamwambia, "leo hauseme kitu?"

"Niseme kwa nani, mutoto wangu? Bale hawanisikie."

Akainuka, akatafuta koti lake chini ya makoti ya wageni, akavaa kofia. Nikamuuliza anakwenda wapi na mvua inakaribia. "Kule chini, ku kiwanja ya masomo, pale shule," akasema. "Batoto ba hapa kartye, hapa mutaani, wanachezaga saa hii. Kuko beki mumoja, mudogo hivi, anapenda kupanda mbele. Nikimuita, anageuka." Alitabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu aje mjini. Akawapita majirani waliokuwa bado wanapigia kelele kioo cha televisheni, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.